Nguvu, kani na kawi: Maneno yanayomkwamisha mwanafunzi wa sayansi kabla ya chuo kikuu

Neno "nguvu" tumelibebesha kazi nyingi mno katika Kiswahili chetu. Tuna nguvu za misuli, nguvu za umeme, nguvu za hoja, nguvu za dola na nguvu za giza. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayedhurika kwa hilo. Lakini mwanafunzi anapoketi kujifunza fizikia ya msingi ili aingie chuo kikuu kusomea uhandisi, udaktari au ualimu wa sayansi, neno hilo moja linasimamia dhana tatu ambazo mtaalamu hathubutu kuzichanganya. Asipozitenganisha mapema, mihadhara ya mwaka wa kwanza itampita kama matangazo ya redio yenye mawimbi mabovu: anasikia sauti, hashiki maneno.

Nafunza wanafunzi wa aina hiyo. Ni vijana waliomaliza Kidato cha Nne, wengine wakiwa na alama za kuridhisha, wengine wakitafuta kuziba pengo la somo moja au mawili ili wafikie kiwango cha kozi wanayoitaka. Masomo yenyewe ni ya Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Hata hivyo nimeona heri niandike katika ukumbi huu wa lugha, kwa sababu ninavyoona mimi, kikwazo kikuu cha sayansi ya msingi si hesabu wala uhaba wa vifaa vya maabara, ingawa uhaba huo upo. Kikwazo ni maneno. Kijana huja akiwa amekariri fasili barabara, neno kwa neno, kama kasuku. Mwambie akueleze jambo lilo hilo kwa lugha anayozungumza na nduguye nyumbani, ndipo utakapogundua kwamba kichwani mwake dhana tatu ni kitu kimoja kilichobadilisha kanzu.

Tuanze basi na hizo tatu. Tunahitaji maneno matatu, nayo Kiswahili kinayo: kani, kawi na nguvu. Kani ni ule msukumo au mvuto ambao kitu kimoja hukifanyia kingine. Kawi ni uwezo wa kufanya kazi, na hapa Kenya tunalijua neno hilo kwa sababu tuna Wizara ya Kawi. Wenzetu wa Tanzania husema nishati, na hakuna dhambi katika lolote kati ya hayo mawili. Nguvu, katika matumizi ya kifizikia, nalihifadhi kwa ajili ya kasi ya kufanya kazi hiyo, yaani ni kiasi gani cha kawi kinachotumika kwa kila sekunde.

Chukua mkokoteni uliopakiwa magunia ya viazi ukitoka Marikiti, Nairobi. Mwenyewe anausukuma. Msukumo wake ndio kani, nao hupimwa kwa nyutoni. Tuseme ni nyutoni 200, na ameusukuma mita 50 mbele. Zidisha mara: amefanya kazi ya jouli 10,000. Jouli hizo hazikuzuka tu. Zilitoka katika ugali na maharagwe aliyokula, na nyingi zimeishia kuwa joto katika ekseli, magurudumu na lami. Hiyo ndiyo kawi, inahama kutoka mahali pamoja hadi pengine na kubadilisha sura. Sasa, ikiwa alizimaliza mita hizo kwa sekunde 100, nguvu ya kusukuma kwake ni wati 100. Mwenzake akisukuma mzigo uo huo kwa kani ile ile, ila amalize kwa sekunde 50, nguvu yake ni wati 200. Kani haikubadilika. Kawi haikubadilika. Nguvu imekuwa maradufu.

Mfano huu wanafunzi huuelewa, lakini ule unaowaingia zaidi ni wa stima. Kila mmoja wao amewahi kutumwa kununua tokeni. Ukiwauliza, "Mkinunua yuniti kumi, mmenunua nini?" jibu la haraka ni "pawa, mwalimu." La, hamjanunua nguvu. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, yaani jouli milioni 3.6, na hiyo ni kawi. Birika la umeme la wati 2,000 likitumika kwa dakika tatu tu hula sehemu ya kumi ya yuniti. Balbu ya wati 10 ikiwaka kwa saa kumi, usiku kucha karibu, hula sehemu ya kumi ya yuniti vilevile. Mita haioni tofauti. Kawi ni ile ile, nguvu zimetofautiana mara mia mbili. Mwanafunzi mmoja alinijibu, "Kumbe ndiyo maana mama hukasirika na pasi kuliko taa!" Nikajua somo limeingia, maana hakuna kitabu kilichokuwa kimemwambia hivyo.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo kuhusu sababu ya masomo haya ya maandalizi kuwapo. Zamani tulikuwa na Kidato cha Tano na cha Sita. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliviondoa, mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa 1989, na tangu hapo kijana hutoka Kidato cha Nne akaingia ukumbi wa mihadhara moja kwa moja. Tanzania na Uganda hawakuiacha ile miaka miwili. Sisi tuliiacha, na pengo lake likajazwa na kozi za kujiandaa katika vyuo mbalimbali, nyingine nzuri, nyingine za kukusanya karo tu. Sasa mtaala wa umilisi umekuja na Sekondari Pevu ya miaka mitatu, ambapo mkondo mmoja kati ya mitatu ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ni vyema. Ila muda peke yake hautenganishi kani na kawi. Ukimpa mtu miaka mitatu ya kukariri badala ya miwili, atakuwa amekariri zaidi.

Wala wasomaji wasidhani kwamba hili ni tatizo la Mwafrika anayesoma kwa lugha ya kuazima. Mnamo 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi wengi wa fizikia huingia darasani na imani zao za kawaida kuhusu mwendo, na hutoka nazo karibu kama walivyoingia. Mwaka 1992 Hestenes na wenzake wakatoa jaribio la kuchagua majibu, lisilo na hesabu, lililoandikwa kwa lugha nyepesi ya kila siku. Eric Mazur, profesa wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake jaribio hilo akitarajia walicheke. Badala yake mwanafunzi mmoja akamwuliza ajibu vipi: kama alivyofunzwa na profesa, au kama yeye mwenyewe anavyofikiri? Hao ni watu waliozaliwa katika Kiingereza, wakisoma katika chuo kinachosifika duniani. Kwa hivyo lugha ya mama haitoshi. Kinachohitajika ni lugha ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia kufikiri kwa sauti, na mwalimu mwenye masikio ya kuisikiliza.

Nami nikisikiliza, swali linalofichua mengi kuliko yote ni la mpira. Umerusha mpira juu wima. Umeshatoka mkononi, bado unapanda. Tukisahau upinzani wa hewa, ni kani zipi zinazoufanyia kazi mpira wakati huo?

Darasani karibu kila mara nitapata jibu hili, kwa Kiswahili chetu cha mtaani: "Mwalimu, kuna graviti inaivuta chini, na kuna ile nguvu niliipea inaipeleka juu. Ile nguvu ikiisha, inarudi."

Tazama jibu hilo vizuri, usiharakishe kulikata kwa kalamu nyekundu. Lingetolewa kwa Kiingereza cha kitabuni lingekuja limejificha, na huenda nisingeona chochote. Kwa Kiswahili limekuja uchi, na tatizo lake liko mahali pamoja tu: "ile nguvu niliipea." Hapo ndipo ninapomwuliza, "Uliipa nini? Uliipa kani au uliipa kawi?" Maana akisema kawi, kijana huyu yuko sahihi kabisa. Mkono ulifanya kazi juu ya mpira, mpira ukapata kawi ya mwendo, na kadiri unavyopanda kawi hiyo inabadilika kuwa kawi ya mahali, mpaka pale kileleni ambapo mwendo unakwisha na mpira unaanza kurudi. "Ile ikiisha, inarudi" ni maelezo mazuri sana ya kawi ya mwendo. Lakini akisema kani, amekosea. Kani si kitu cha kupewa ukaenda nacho mfukoni. Mkono ulipoachana na mpira, kani ya mkono ilikoma papo hapo. Imebaki moja tu, mvuto wa dunia, nayo inaelekea chini tangu mpira unapanda, ukiwa kileleni, na ukishuka.

Kumbe mwanafunzi hakuwa mjinga. Alikuwa na wazo zuri lililovaa jina la jirani. Neno "nguvu" lilimruhusu kuchukua sifa za kawi akazivika kani, na hakuna aliyemwambia achague.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatupa zana ambayo nashangaa hatuitumii zaidi. Nina sheria moja katika vipindi vyangu: anayetaja kani lazima aitaje kwa kauli ya kutendwa, tena amtaje mtenda. Si ruhusa kusema "mpira una nguvu juu." Sema, "Mpira unavutwa na dunia." Sema, "Mkokoteni unasukumwa na mtu, unazuiwa na barabara." Kwa mpira unaopanda, mwanafunzi akijaribu, "Mpira unasukumwa juu na..." hukwama. Na nani? Na nini? Mkono uko mbali. Anatazama dari, anatabasamu, anakaa chini. Kiambishi kimoja cha kutendwa kimefanya kazi ya nusu saa ya ubao.

Kauli ya kutendeka ndiyo adui wa somo hili. Ni kauli tamu sana kwa kukwepa lawama, kila mtoto aliyewahi kuvunja kikombe anaijua: "Mama, kikombe kimevunjika." Nani alikivunja? Hajulikani, kimevunjika tu. Katika fasihi na katika siasa kauli hiyo ina mahali pake. Katika somo la kani haina, kwa sababu kani isiyo na mtenda si kani.

Zana ya pili ni kauli ya kutendana. Kanuni ya tatu ya Newton, aliyoichapisha pamoja na mbili za kwanza mwaka 1687, husema kwamba kila kitu kinachokifanyia kingine kani, nacho hufanyiwa kani ya kiasi kile kile upande wa pili. Wanafunzi huikariri kwa wepesi na kuitumia vibaya kwa wepesi uo huo. Waulize: kitabu kimetulia juu ya meza, dunia inakivuta chini, meza inakisukuma juu, je, kani hizi mbili ndizo jozi ya Newton? Wengi watasema ndiyo. Si kweli, kwani zote mbili zinafanyiwa kitabu kimoja, ilhali jozi ya Newton ni lazima igawanywe kwa vitu viwili.

Kwa Kiswahili jambo hili linajisahihisha lenyewe. Weka kitenzi katika kauli ya kutendana: kitabu na meza vinasukumana. Dunia na kitabu vinavutana. Hizo ndizo jozi mbili, kila moja na kitenzi chake. Huwezi kuoanisha kuvuta na kusukuma, kwa sababu hakuna kitenzi cha kutendana ambacho upande mmoja unavuta na mwingine unasukuma. Halafu kuna matunda ya ziada: ukishasema "dunia na kitabu vinavutana" umekubali, bila hata kukusudia, kwamba kitabu nacho kinaivuta dunia. Wanafunzi hucheka. Kitabu kivute dunia? Ndiyo, kwa kani ile ile. Dunia haionekani kusogea kwa kuwa tungamo lake ni kubwa mno.

Hilo tungamo nalo nilipitie haraka. Sokoni tunauliza uzito na kujibiwa kwa kilo, wala sina nia ya kugombana na muuza nyama. Kwa mwanafizikia kilo ni kipimo cha tungamo, yaani kiasi cha maada, na uzito ni kani ambayo dunia inakivutia kitu hicho. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa karibu nyutoni 590 hapa duniani, na mwezini angekuwa na nyutoni 98 hivi, kilo zake zikibaki 60 zile zile.

Joto linahitaji utulivu zaidi, kwa sababu hapa lugha yetu inatupoteza kwa njia nyingine. Sisi husema "funga mlango, baridi inaingia," kana kwamba baridi ni mgeni mwenye miguu. Katika sayansi hakuna kitu kinachoitwa baridi kinachoingia popote. Kuna joto linalotoka. Asubuhi ya Julai pale Limuru, shika sufuria tupu iliyolala jikoni, kisha shika mwiko uliolala kando yake. Sufuria itakuuma vidole, mwiko hautakuuma. Wanafunzi watakuapia kwamba sufuria ina baridi zaidi. Weka kipimajoto: halijoto ni moja. Tofauti ni kwamba chuma hunyonya joto la vidole vyako upesi, na mti huliacha. Ngozi yako haipimi halijoto, inahisi jinsi joto linavyoondoka. Na ndiyo sababu napenda neno "halijoto." Limeundwa kwa uwazi, hali ya joto, na halimruhusu mtu kudhani ni joto lenyewe. Watangazaji wa hali ya hewa wanaosema "joto litakuwa nyuzi 27" wangetusaidia sana wakilitumia.

Mwalimu yeyote wa Afrika Mashariki anayefunza joto anapaswa kukijua kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba huko Tanganyika, Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu. Kawaida ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kwenye friza. Yeye akayatia yangali moto ili asikose nafasi, na yake yakaganda mapema kuliko ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuacha. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa chuo kishiriki, alikuja kutoa mhadhara. Mpemba akainuka na swali lile lile, wenzake wakamcheka. Osborne alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education.

Wanasayansi hawajaafikiana hadi leo kuhusu jambo hilo. Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti mwaka 2016 wakilitilia shaka. Kinachonivutia mimi ni kwamba sehemu kubwa ya mzozo imo katika maana ya neno. "Kuganda kwanza" maana yake nini? Ni maji kufika nyuzi sufuri? Ni chembe ya kwanza ya barafu kuonekana? Ama ni bakuli zima kuwa jiwe? Mtu akipima moja na mwenzake akapima jingine, wote wakaandika "yameganda," watabishana miaka hamsini. Nikifika hapo huwapa wanafunzi dakika kumi waandike fasili yao ya kuganda, kisha wabadilishane karatasi na kutafutiana makosa. Ni mazoezi bora kuliko kutatua milinganyo ishirini.

Kuna mambo mengine waliyoyakariri ambayo nchi yao wenyewe inayakanusha. Kila mmoja anajua kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Mombasa, ndiyo. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, kwa sababu hewa iliyo juu yetu ni chache na shinikizo lake ni dogo. Ndiyo maana githeri huchelewa kuiva katika nyanda za juu, na sufuria ya presha ikasifiwa. Mwanafunzi anayeleta ripoti ya maabara ya Nairobi imeandikwa nyuzi 100 kamili, najua hakusoma kipimajoto. Alisoma kitabu.

Katika kemia, neno la kuangaliwa ni kuyeyuka. Barafu inayeyuka, na sukari kwenye chai tunasema inayeyuka vilevile. Ni matukio mawili tofauti kabisa. Barafu imegeuka kutoka yabisi kuwa kiowevu kwa kupata joto, ikiwa peke yake. Sukari haikugeuka kiowevu. Chembe zake zimetawanyika kati ya chembe za maji. Mwanafunzi asiyetofautisha haya atashangaa kwa nini sukari huhitaji nyuzi zaidi ya 180 kuyeyuka ilhali kwenye chai vuguvugu hutoweka. Kiswahili kinalo neno la la pili: kumumunyika. Kila aliyewahi kumumunya peremende kinywani anajua maana yake, na jinsi inavyopungua taratibu bila kuyeyuka kama mshumaa. Wanafunzi wangu wa bara hudhani nimelibuni, wale wa Pwani huwacheka.

Biolojia ina usanisinuru, ambalo wengine hulibeza kuwa neno la maabara ya lugha. Mimi nalitetea. Usanisi ni kuunda kitu kutoka vitu vingine, nuru ni mwanga. Neno limejieleza. Tuna vijana wengi wanaoamini kwamba mmea hula udongo, na sisi watu wazima tunawathibitishia kwa kusema kwamba mbolea ni chakula cha mahindi. Muulize kijana uzito wa gunia la mahindi ulitoka wapi, atakuonyesha shamba. Kumbe sehemu kubwa ya ukavu wa punje ile imeundwa kutokana na kabonidayoksaidi ya hewani na maji, kwa kutumia nuru ya jua. Mbolea huleta madini, ambayo ni machache lakini ya lazima. Anayekwenda kusomea kilimo chuoni akiwa na dhana ya mmea kula udongo ataanza na mguu mbaya.

Si kila istilahi ninaishabikia. "Mwendokasi" linasumbua, maana ukilitaja Dar es Salaam utaonyeshwa kituo cha basi. "Mchapuko" nalo wanafunzi hulikunjia uso mara ya kwanza, mpaka niwakumbushe kuchapua miguu. Hata hivyo ni afadhali kuliko "kuongeza kasi," kwa sababu matatu inayozunguka kiviringo kwa kasi isiyobadilika ina mchapuko ingawa haijaongeza wala kupunguza chochote. Imebadilisha uelekeo tu, na abiria aliyeegemea dirisha anaujua ukweli huo begani.

Wenzangu wengine hunipinga. Wanasema, mtihani ni wa Kiingereza, kwa nini umtwishe mtoto maneno mawili kwa dhana moja? Hoja hiyo ina uzito, nami siwataki wanafunzi waandike mtihani wa fizikia kwa Kiswahili. Ninachokifanya ni hiki. Swali linawekwa ubaoni, fupi, lisilo na hesabu. Kila mtu anachagua jibu kimyakimya. Kisha wanageukiana wawili wawili wabishane kwa lugha yoyote wanayotaka, na huwa ni Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, kwa dakika mbili au tatu. Wanachagua tena. Mbinu hii Mazur aliieneza kwa kitabu chake cha 1997, mimi nimeongeza lugha tu. Baada ya hapo ndipo kila mmoja anaandika maelezo kwa Kiingereza, na ndipo ninaposahihisha. Anayejua anachotaka kusema hutafuta neno la Kiingereza na kulipata. Asiyejua hukopa sentensi ya kitabu, nami huitambua kwa jinsi ilivyonyooka.

Tatizo ambalo sijalitatua ni kutoelewana kwa istilahi zenyewe kati yetu na jirani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, nami huitumia, lakini mwanafunzi wa Kenya akiifungua atakutana na nishati pale alipozoea kawi, na tungamo pale ambapo wengine wetu husema uzani. Mpaka mabaraza yetu yatakapoketi pamoja, ukutani darasani kwangu kuna karatasi yenye safu mbili, ya Nairobi na ya Dar. Wanafunzi huongeza maneno wanapoyapata, na wiki iliyopita mmoja aliandika "stima" upande wa kushoto na "umeme" upande wa kulia, mwenzake akaja akachora mshale akauliza chini yake: hii ni kawi ama ni nguvu? Bado wanabishana.